Sera moja, faiwoli za kila aina

Habari za mchana, ndugu zangu. Kabla sijasema lolote, naombeni mtazame mstari huu.

permit ip 192.168.5.0 255.255.255.0 any

Unaruhusu nini? Ndiyo, dada pale nyuma. Anasema unaruhusu mtandao wote wa 192.168.5. Asante, maana hivyo ndivyo nilivyoamini mimi mwenyewe usiku nilipouandika kwenye ruta ya Cisco yenye IOS, mfumo unaoiendesha. Kumbe kwenye ruta hiyo, maski ya kanuni, yaani ile namba ya pili inayosema sehemu ipi ya anwani ilinganishwe, husomwa kinyume. Biti ya sifuri ina maana "hapa lazima ilingane", na biti ya moja ina maana "hapa usijali". Kwa hiyo ruta ilinielewa hivi: namba tatu za kwanza ziwe zozote zile, ya mwisho iwe sifuri. Kompyuta ya ofisini yenye 192.168.5.20 ikagonga ukuta, lakini anwani yoyote duniani inayoishia na sifuri ikakaribishwa. Nilipaswa kuandika 0.0.0.255.

Sasa sikilizeni uchungu wa jambo lenyewe. Maski ileile niliyokosea nayo ni sahihi kabisa kwenye ASA, faiwoli (mashine ya kuchuja mawasiliano) ya kampuni hiyohiyo. Siku ile nilikuwa nimeshinda kwenye ASA tangu asubuhi. Nilihamia kwenye ruta mikono ikiwa bado inaongea lugha ya ASA, basi.

Mtandao wa kawaida hukua hivyo: mashine za kampuni ya Juniper mpakani, Cisco ndani, seva za Linux zenye vichujio vya iptables au nftables, na siku hizi mashine za kukodi mawinguni zenye kanuni za namna yake. Nia ni moja tu, tuseme "wasimamizi peke yao ndio waingie kwa SSH", ile njia ya kuendesha mashine kutoka mbali. Lakini nia hiyo imeandikwa kwa mkono mara nne, kwa lugha nne, na watu wanne. Ukirudi baada ya mwaka, matoleo hayo manne hayafanani, na hakuna anayeweza kuapa lipi ndilo lililokusudiwa.

Dawa ninayoitumia inaitwa Capirca. Ni programu ya Python iliyotoka Google, msimbo wake uko wazi, na ipo pia Aerleon iliyochipuka kutoka kwake. Unaandika faili za majina, unaandika sera, programu inatema kanuni za kila mashine. Faili ya majina inaonekana hivi:

WASIMAMIZI = 10.20.30.0/24
SEVA_ZA_WAVUTI = 10.40.0.0/25
                 10.40.0.128/25

Na sera yenyewe:

term ruhusu-wasimamizi {
  source-address:: WASIMAMIZI
  destination-address:: SEVA_ZA_WAVUTI
  destination-port:: SSH
  protocol:: tcp
  action:: accept
}

Juu ya sera unataja shabaha: huyu ni juniper, huyu ni cisco, huyu ni iptables. Maski iliyogeuzwa si kazi yako tena. Zile /25 mbili zinazopakana (namba baada ya mkwaju ni ukubwa wa kundi la anwani; ikiwa ndogo, kundi ni kubwa), programu itaziunganisha ziwe 10.40.0.0/24 bila kukuuliza. Neno SSH nalo limeelezwa katika faili ya huduma kuwa ni 22/tcp, yaani poti (mlango) namba 22.

Mtu anaweza kusema hiki ni kisa cha kupunguza kuandika tu. Haya, tuchukue sharti moja dogo: ruhusu 10.0.0.0/8 yote isipokuwa 10.1.1.0/24. Kwenye Juniper ni mistari miwili, kwa sababu lugha yake ina neno except. Orodha ya kawaida ya kanuni za Cisco haina neno hilo. Unaweza kutanguliza mstari wa kukataa ile /24, lakini mstari huo utaikata pia pale ambapo kanuni ya chini ilitaka kuiruhusu kwa jambo lingine. Njia salama ni kukokotoa kinachobaki baada ya kuitoa /24 ndani ya /8, na kinachobaki ni vipande 16. Kumi na sita! Jaribuni kuvipata kwa kalamu, saa nane usiku, bila kuruka hata kimoja.

Au kuzidisha. Vyanzo vitano, maeneo manne, poti tatu: Juniper huvibeba vyote katika kifungu kimoja, ilhali orodha ya kawaida ya Cisco inataka mstari kwa kila mchanganyiko, yaani mistari 60. Ukifuta chanzo kimoja kwa mkono, unatafuta mistari 12 iliyotawanyika.

Kuna mambo ambayo programu haitakuokoa. Mfano ninaoupenda ni wa IPv6, anwani za kizazi kipya. Orodha ya IPv6 kwenye IOS ina mistari iliyojificha mwishoni, inayoruhusu mashine jirani zitafutane, zile jumbe za ICMPv6 za aina 135 na 136, kisha ndipo inakataa yote. Mhandisi mwenye nia njema anataka kuona kwenye kumbukumbu kilichokataliwa, anaongeza mwishoni "kataa yote na uandike". Mstari wake unasomwa kabla ya ile iliyojificha. Majirani wanaacha kuonana, mtandao unakufa kidogokidogo, na yeye anaapa hajafunga kitu chochote. Kwenye Juniper hakuna ruhusa iliyojificha, usipoiandika haipo. Kwa hiyo sera yangu haitegemei hisani ya mashine yoyote: aina 135 na 136 zimeandikwa waziwazi katika faili ndogo inayoingizwa ndani ya kila sera ya IPv6.

Swali? ... Ndugu anauliza kwa nini tusinunue mashine za kampuni moja yakaisha. Nimekwisha kuwaonyesha ruta na ASA, kaka. Tuendelee.

Hatari haikuondoka, imehama, na watu wengi wanaoanza na zana hizi hawaoni imehamia wapi. Imehamia kwenye faili ya majina. Mwenzangu mmoja alitaka seva ya majaribio ifike kwenye hifadhidata. Sera ya hifadhidata ilikuwa inaruhusu SEVA_ZA_WAVUTI, basi akaongeza anwani moja kwenye jina hilo. Mstari mmoja. Mimi ndiye niliyeukagua, nikaupitisha nikiwa bado na kikombe mkononi. Jina hilohilo lilikuwa likitumika katika sera ya mpakani, ile inayoruhusu intaneti yote kufika poti 443. Seva ya majaribio, yenye nywila ya majaribio, ikawa uwanjani kwa siku tatu.

Tangu hapo sikagui sera peke yake. Kanuni zilizozalishwa nazo zinahifadhiwa kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la faili, na anayekagua anatazama kilichobadilika kwenye kila mashine. Mstari mmoja wa jina ukigusa mafaili kumi na mawili, unayaona yote kumi na mawili yakipiga kelele. Kazi inachosha, naikubali, na sijaona njia ya mkato.

Zana yenyewe inasaidia kidogo. Kanuni iliyofunikwa na nyingine iliyoitangulia, isiyoweza kufikiwa kamwe, itakuambia. Ukiweka tarehe ya mwisho kwenye kifungu, tarehe ikipita hakizalishwi tena. Ruhusa zote za "kwa muda tu" ziwekeeni tarehe.

La mwisho ni kupeleka. Capirca inaandika maandishi tu, kuyafikisha kwenye mashine ni juu yenu. Kwenye Linux, iptables-restore hubadilisha jedwali zima kwa pigo moja. Juniper ina commit confirmed: usipothibitisha ndani ya dakika 10, inarudi ilikokuwa. Kwenye IOS ndiko kwenye miiba. Faili inaanza kwa kuifuta orodha ya zamani, na lango la ruta lililowekewa orodha isiyokuwepo hupitisha kila kitu. Mara mstari wa kwanza unapoingia, kila usichokitaja bado kinakataliwa, pengine pamoja na SSH unayotumia kubandika. Kwa hiyo usibandike. Nakili faili kwenye ruta kwanza, kisha iambie iisome yenyewe, na kabla ya hapo andika reload in 5, ili ukijifungia nje ijiwashe upya na kanuni zake za zamani.

Kanuni zikikubali, andika reload cancel. Mimi niliwahi kusahau. Kila kitu kilikwenda vizuri, nikawaandikia wenzangu kwamba kazi imekwisha, na nilikuwa sijahifadhi. Dakika tano baadaye ruta ikazima.