Moshi wa Sankeien

Asanteni, kaeni. Mmeniita nizungumzie bustani ya Kijapani, nami naanza na kiwavi.

Kiwavi wa nondo wa hariri hula majani ya mforsadi, akishiba hujizungushia uzi. Uzi huo ulitoka Japani kupitia bandari ya Yokohama, na miongoni mwa waliotajirika nao ni Hara Tomitaro, aliyejiita Sankei. Mwaka 1906 alifungua bustani yake ya Yokohama, Sankeien, watu waingie bila kulipa.

Kulikuwa na mabwawa na miti ya plamu, lakini Hara alitaka na majengo. Baada ya 1868 serikali ilitenganisha Ushinto, dini ya jadi ya Kijapani, na Ubuddha, na mahekalu mengi ya Kibuddha yakakosa wa kuyatunza. Akanunua, akahamisha. Pagoda, yaani mnara wa hekalu, ya orofa tatu iliyo juu ya kilima ilijengwa mwaka 1457 mkoani Kyoto. Ilifika Yokohama 1914.

Hekalu linahamaje? Naona mnacheka. Basi tazameni kiungo kimoja tu: ncha ya boriti imechongwa ulimi, nguzo imetobolewa tundu la kadiri ya ulimi huo, vikakutana vikabana. Kilichobanwa hivyo hufunguka. Mafundi huanzia paani wakishuka, kila kipande wakikitia alama, wakifika waendako huanzia chini. Ubao uliooza hukatwa pale pale ulipooza, ukaungwa mpya. Wako wanaosema jengo likishafanyiwa hivyo si lenyewe tena. Mimi siwaafiki: limejengwa likijua litafunguliwa.

Tetemeko la 1923 liliibomoa Yokohama, na Hara akaacha kununua vitu vya kale, akashughulika na kuujenga mji upya. Alifariki 1939.

Kwa hiyo hakuiona nyumba ninayoipenda kuliko zote pale, ya ukoo wa Yanohara. Ililetwa 1960 kutoka milima ya Gifu, kwa sababu bwawa la umeme la Miboro lilikuwa linameza kijiji. Paa lake la nyasi limesimama wima kama viganja vya mtu anayeomba, na miti yake imefungwa kwa kamba. Na darini, katika nyumba za namna hiyo, mnajua walifuga nini? Viwavi wa hariri.

Hata leo moto huwashwa mekoni humo kila siku. Moshi hupanda hadi kwenye nyasi, ukafukuza wadudu na kukausha unyevu. Ukikaa kidogo, utatoka na nguo zinanuka moshi.