Kama Tulivyomwelewa: Hatua Kumi na Mbili kwa Asiye na Dhehebu

Mabibi na mabwana, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Mada ya jioni hii ni pana mno: maisha ya kiroho nje ya dini. Tukiishika nzima tutakesha, basi nimechagua mlango mmoja tu, tena uliofunguliwa na watu msiowatarajia, walevi.

Disemba 1938, New York. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa aliyeangushwa na pombe, ana miaka minne hajaonja tone. Anaandika hatua 12 kwa ajili ya kitabu cha chama ambacho leo tunakiita AA (Alcoholics Anonymous), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Wenzake wanabishana naye. Wako wanaotaka kitabu kiwe cha Kikristo waziwazi. Na wako wawili, Hank Parkhurst na Jim Burwell, wasiotaka Mungu atajwe kabisa. Burwell alikuwa hamwamini Mungu na hakuficha. Mwisho wakapatana. Hatua ya 2 ikataja "Nguvu iliyo kubwa kuliko sisi". Hatua ya 3 na ya 11 zikapewa nyongeza: Mungu "kama tulivyomwelewa". Hatua ya 7 ilikuwa na kupiga magoti, magoti yakafutwa. Kitabu kikatoka Aprili 1939.

Tazameni walichofanya. Jina waliliacha wazi, kazi wakaikaza. Hakuna aliyelegezewa kuandika makosa yake, kumsomea mtu mwingine, wala kulipa madeni. Wengi wanaotafuta roho nje ya dini siku hizi hufanya kinyume: wanabishana miezi sita kuhusu jina (nishati, ulimwengu, nafsi kuu), halafu kazi yenyewe haianzi.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Kiingereza kina "Him", basi, umeshafungwa. Sisi tuna ngeli. Anayemwamini Mungu aseme "tulivyomwelewa". Ambaye neno hilo linamkwama kooni aseme "nguvu kama tulivyoielewa", au "ukweli kama tulivyouelewa". Silabi moja inabadilika na sentensi inabaki na kazi yake.

Lakini si kila kitu kinafaa kuwa nguvu hiyo. Kuna mzaha wa zamani kwamba hata kitasa cha mlango kinatosha. Hakitoshi. Nguvu inayofaa ipite majaribio matatu: isiwe wewe mwenyewe, iweze kukukatalia, na iwepo saa nane za usiku, hamu inapokukaba. Kitasa hakijawahi kumkatalia mtu. Kwa asiye na dini, kinachopita majaribio haya mara nyingi ni kikundi chenyewe: watu waliopita njia ileile, wanaojua uongo wako kwa sababu waliwahi kuusema wao. Simu zao zinapokelewa usiku.

Sasa tuje kwenye kazi, na nitakaa zaidi kwenye hatua ya 4, ya kujichunguza kwa maandishi, maana wengi wanazama hapo.

Chukua daftari, chora safu nne. Ya kwanza: nina kinyongo na nani. Ya pili: kwa nini. Ya tatu: kimenigusa wapi, yaani heshima, mfuko, usalama, mapenzi. Ya nne: sehemu yangu ilikuwa ipi. Mfano: shemeji; aliniita mlevi mbele ya wakwe; heshima; na safu ya nne, nilikuja harusini nimelewa, na fedha yake nilikuwa sijairudisha. Jedwali la kitabu cha 1939 lina safu tatu tu, ila maandishi yanayofuata yanadai hiyo ya nne, na bila hiyo una orodha ya malalamiko tu.

Jaza kwenda chini, usijaze kwenda pembeni. Maliza majina yote kwanza, hata yakifika 60, ndipo urudi kwenye sababu. Ukimaliza mtu mmoja safu zote nne kabla ya mwingine, hasira ya huyo wa kwanza itakula jioni nzima na daftari utalifunga. Baada ya vinyongo, orodhesha hofu, kisha mwenendo wako katika mapenzi. Kosa la kawaida ni kuandika hadithi ya maisha tangu utotoni: kurasa 40, nzuri kusoma, na hazina safu ya nne hata moja. Kosa jingine ni kumaliza na kuliweka kabatini. Daftari likilala muda mrefu bila kusomwa kwa mtu, linakuwa kidonda kilichofunuliwa kikaachwa bila dawa. Panga siku ya hatua ya 5 kabla hujaanza ya 4.

Hatua ya 5 ni kumsomea mtu mwingine, na hapo ndipo asiye na dhehebu anabanwa hasa. Mkatoliki ana padri na siri ya kitubio. Wewe una nani? Kwa kawaida ni mkongwe wa kikundi, sponsa kama anavyoitwa. Usimchague mume wala mke. Yaliyomo yanaweza kumuumiza, na kujitua mzigo kwa kumtwisha mwingine si toba. Na tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha: sponsa hana kinga ya kisheria ya kunyamaza. Kama kuna jinai kubwa ndani ya daftari, ongea na wakili kwanza. Tengeni saa tatu au nne na mzime simu.

Hatua ya 8 na ya 9 ni za kulipa. Kusema samahani si kulipa; aliyeazima laki mbili arudishe laki mbili, hata kwa elfu kumi kila mwezi. Hatua yenyewe ina breki: usifanye pale ambapo kulipa kutamdhuru huyo au wengine.

Kinachobaki ni cha kila siku. Usiku, dakika kumi: leo nilikuwa na kinyongo, ubinafsi, uongo, hofu? Nani anadai radhi yangu? Asubuhi, pitia siku inayokuja kabla hujashika simu, kisha kaa kimya. Asiyeomba anaweza kufuata pumzi tu, akihesabu moja hadi kumi na kurudia.

Hatari ya ukimya huu inajulikana. Chama hiki kilizaliwa ndani ya Oxford Group, harakati ya Kikristo ya mchungaji Frank Buchman, ambako watu walikaa kimya asubuhi na kuandika mawazo kama uongozi wa Mungu. Kitabu cha 1939 kinaonya kwamba anayedhani kila wazo ni ufunuo atafanya vioja. Dawa yake ni rahisi: wazo kubwa la asubuhi (kuacha kazi, kuoa, kuhama mji) lisemwe kwa mtu mwingine kwanza.

Kuna wanaokata tamaa kwa sababu hawajaona chochote. Lawama ni ya Wilson mwenyewe kidogo. Disemba 1934, akiwa hospitali ya Towns, aliona mwanga mkubwa, akasoma mihadhara ya mwanafalsafa William James kuhusu watu waliowahi kupata mambo kama hayo peke yao. Wasomaji wakadhani mwanga ni sharti. Chapa ya pili, 1941, ililazimika kuongeza maelezo: wengi hubadilika polepole, kwa miezi, na mara nyingi rafiki zao huona kabla yao.

Na Wilson alikuwa hospitali, msilisahau hilo. Mnywaji mkubwa akiacha ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka, hata kufa. Daktari kwanza, daftari baadaye.

Je, hii kweli si dini? Mahakama za Marekani, mwaka 1996 na tena 2007, zilisema serikali haiwezi kumlazimisha mfungwa au aliye chini ya uangalizi kuhudhuria, kwa sababu mpango una maudhui ya kidini. Naona ziliamua sawa. Kitu cha kushurutishwa hakiwezi kuwa "kama nilivyoelewa". Kuhusu matokeo, mapitio ya 2020 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, tafiti 27, watu zaidi ya 10,000, yalikuta mpango huu kwa kuacha pombe kabisa unalingana na tiba nyingine au kuzizidi. Yalipima pombe. Roho haikupimwa.

Zanzibar, soba hausi (nyumba za kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya) zinatumia hatua hizihizi kwa vijana wa unga, na karibu wote ni Waislamu. Kule, mkwamo wa jina ni mdogo. Kijana anaswali, Mungu anamjua tangu madrasa, lakini arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, imemfundisha kuwadanganya wote wanaompenda. Safu ya nne inamngoja vilevile.

Karatasi zenye safu nne ziko mezani karibu na mlango. Tuanze maswali.