Jeni Iliyonyamazishwa Haijafa

Narudia, na nitarudia hata mkinizomea: mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu, anayo jeni nzima ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), isiyo na kasoro yoyote. Ni ile iliyomtengenezea himoglobini ya kijusi akiwa tumboni. Akishazaliwa, mwili unainyamazisha. Protini ya BCL11A inaibana, vikundi vya methili, alama ndogo za kikemikali zinazozima jeni, vinapachikwa kwenye DNA yake, na kazi inahamia kwa jeni ya ukubwani, yenye hitilafu. Ndiyo maana kichanga ananyonya na kulala vizuri tu, halafu baada ya miezi kadhaa vidole vinavimba, na kilio hakiishi.

Sasa nyani. Mlioisikia hii, vumilieni. Mwaka 1982, Chicago, Joseph DeSimone na wenzake waliwapa nyani wenye upungufu wa damu molekuli ndogo, 5-azasitidini, inayozuia methili isipachikwe. Himoglobini ya kijusi ikapaa! Mwaka huohuo ikajaribiwa kwa wagonjwa. Wabishi wakaja juu: aa, hiyo ni sumu ya seli tu, uboho ukiumizwa unakurupuka kutoa chembe changa. Basi ikaletwa haidroksiyurea, sumu ya seli isiyo na kazi ya kuondoa methili. Himoglobini ya kijusi ikapanda vilevile. Mnacheka, lakini ubishi huo ndio uliotupa kidonge tulicho nacho, hiyohiyo haidroksiyurea. Marekani walikiruhusu kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998.

Namsikia mzee pale nyuma: "Daktari, hiyo si dawa ya saratani? Mnampa mtoto?" Ndiyo, mzee wangu, tunampa. Dozi inapangwa kwa uzito wake, na picha kamili ya damu inapimwa mara kwa mara, maana chembe nyeupe zinaweza kushuka. Na hapana, hatubadilishi jeni zake. Akiacha kumeza, ile ya kijusi inanyamaza tena, kwa hiyo ni kila siku.

Wala msiniambie ni mambo ya Ulaya. Utafiti wa REACH, wa kuwapa watoto wenye selimundu haidroksiyurea, ulifanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yalitoka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo pia. Na malaria, ambayo wengi walihofia ingezidi, ilishuka karibu nusu!

Kuhusu vizuizi vya vimeng'enya vya histoni, yaani zile protini ambazo DNA imezungushiwa... mwenyekiti ananionesha saa. Ruka slaidi hiyo. Na hiyo. Haya, ulizeni habari ya bei, najua ndiyo mliyoijia.