Jinsi ya Kukagua Mimea ya Asili Kabla Machimbo Hayajafunguliwa

Habari zenu watazamaji. Leo tuko mashariki mwa Nairobi, ukishapita Njiru kuelekea Ruai, kwenye kipande cha ardhi ambacho mwenyewe anataka kuchimba mawe ya kujengea. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inamtaka afanye tathmini ya athari na apate leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwanza. Ukitazama kutoka barabarani utasema hapa hapana kitu, ni nyasi na miiba tu. Haya, tushuke garini.

Kwanza kabisa, chagua msimu. Udongo wa huku ni ule mweusi, kiangazi unapasuka, mvua ikinyesha unanata mpaka unakuvua viatu, kwa hiyo vaa gambuti. Mwezi wa Februari mimea mingi midogo imekauka juu na kubaki mizizi na viazi chini ya ardhi, huioni. Njoo masika yakiwa yamekolea, kati ya Aprili na Mei, kisha urudi tena kwenye vuli. Ripoti ya mimea iliyotokana na ziara moja ya kiangazi mimi siiamini hata ikiwa na jalada zuri.

Kabla hujakanyaga shambani, fungua picha ya setilaiti, chora mpaka, ugawanye eneo kwa sura yake: uwanda wa udongo mweusi, sehemu ya mwamba, na kingo za mto. Kila sehemu ina mimea yake. Halafu chagua mahali pa kupimia kwa kura ya bahati nasibu ukiwa ungali mezani. Ukingoja kuchagua ukifika, miguu itakupeleka kwenye kivuli.

Sasa tandaza futi ya mita 100, inyooke. Kila baada ya mita 10 weka fremu ya mraba, mita moja kwa mita moja. Yangu nimeifunga kwa vijiti vinne na kamba ya katani. Kamera isogee hapa chini. Nyasi hii yenye wekundu ni Themeda triandra. Ona ule unywele mrefu wa kahawia kwenye mbegu yake. Nauloanisha kwa mate... subiri... umeanza kujizungusha wenyewe. Hivyo ndivyo mbegu inavyojisukuma udongoni mvua ikija. Andika kila aina iliyomo ndani ya fremu, na ukadirie imefunika asilimia ngapi ya ardhi. Jumla ikipita 100 usishtuke, majani hupandana. Udongo ulio wazi nao uandike.

Kwa miti, fremu hiyo haitoshi. Pima mraba wa mita 20 kwa 20, uhesabu kila shina. Mti mkubwa, kama mgunga wa gome la manjano kule mtoni, zungushia futi kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mzingo ukiwa sentimita 47, gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha sentimita 15 hivi.

Huu mfupi wenye miiba meupe ni Acacia drepanolobium, na vitabu vipya vinauita Vachellia drepanolobium. Usiushike bado! Miiba mingine imevimba chini kama vitufe vyeusi, na vina matundu. Nagonga tawi kwa kalamu: haya, sisimizi hao, wanamiminika kuulinda mti wao. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, mti hupiga mluzi. Andika urefu wake na hali yake, kama umekatwa kwa makaa au umeliwa na mbuzi.

Magugu ya kigeni usiyaruke. Lantana, na Parthenium, ile ambayo Watanzania huiita gugu karoti, ziandikwe palepale zilipo, maana magari ya machimbo yatasambaza mbegu zake.

Usichokijua usikibahatishe. Chukua tawi lenye ua au tunda, ulilaze kati ya magazeti, ulibane, na magazeti ubadilishe kila siku hadi likauke. Kwenye kibandiko andika tarehe, mahali, mwinuko, namba yako na rangi ya ua, kwa sababu rangi hupotea. Kisha peleka kwenye hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, ambako wana wataalamu wa kulinganisha. Ila mishubiri, okidi na msandali, piga picha tu, usiing'oe: biashara yake inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukikuta hata mmoja, chukua nukta ya GPS na uutaje kwenye ripoti kwa jina.

Utajuaje kwamba imetosha? Fremu zikifuatana bila kukupa aina mpya, sehemu hiyo umeimaliza.

Kazi ya mwisho hufanywa nje ya mpaka, na wengi huikwepa. Tafuta ardhi inayofanana na hii ambayo haitachimbwa, upime vilevile, upigilie vigingi vya chuma kwenye pembe, upige picha ukielekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Siku shimo litakapofukiwa na mwenye machimbo aseme amerudisha nyasi, mtalinganisha na hapa.