Mvue viatu mgonjwa wa baridi yabisi

Jamani nianze na miguu, na walionisikia huko nyuma najua wanasema ameanza tena. Ndio, nimeanza tena, kwa sababu mgonjwa wa baridi yabisi bado anaingia kliniki na viatu vyake na anatoka navyo, hakuna aliyemgusa unyayo.

Ile fomu ya viungo 28 tunayojazaga wote kupima ugonjwa umewaka kiasi gani, hebu ihesabuni. Mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, viungo vya vidole vya mikono 20, magoti 2, basi imeisha. Miguu kuanzia kifundo kwenda chini haimo kabisa. Kwa kufuatilia ugonjwa kwa ujumla fomu inafaa, sina ugomvi nayo, ila alama zikishuka chini ya 2.6 tunaandika ugonjwa umetulia halafu mtu anaondoka anachechemea na sisi tunamwangalia.

Kuna mama mmoja alama zake nzuri kila akija, mikono safi, majibu ya damu safi. Siku hiyo nesi akamwambia mama vua viatu. Akasita, akasema miguu yangu mibaya we acha tu. Alipovua soksi kidole gumba kimelala juu ya mwenzake, chini ya vidole kuna sugu nene pale pale mfupa unapokanyagia, nesi akauminya unyayo kwa pembeni taratibu tu, mama akauvuta mguu. Akasema kila asubuhi natembea kama niko juu ya kokoto, ila hamjawahi kuniuliza. Hatujawahi kumuuliza! Faili linasema ametulia na huku viungo vya miguu vinaliwa.

Sasa kuna mtu hapa anasema moyoni, kupima viungo ni kazi ya daktari bingwa, nesi abaki na presha. Hapana, hilo tulishalimaliza. Uingereza walifanya utafiti kliniki 10, wagonjwa 181, ukachapishwa 2014, na waliohudumiwa na manesi waliobobea hawakuwa na hali mbaya kuliko wa madaktari. Lakini sikilizeni, waliobobea. Ukimpa nesi chumba na meza, ukamnyima mafunzo, akiona kiungo kimevimba hawezi kuagiza kipimo wala kugusa dozi mpaka asubiri saini ya mtu mwingine, hiyo usiniambie ni kliniki ya manesi. Na habari ya kwamba muda hautoshi, kuvua soksi kunachukua muda gani jamani?

Naona naonyeshwa saa, haya niende haraka. Methotreksati, ile dawa ya kutuliza baridi yabisi, ni mara moja kwa WIKI. Usimuulize mgonjwa kama anameza dawa, atakujibu ndio, muulize anameza siku gani na akutolee pakiti uione, anayemeza kila siku uboho wake unaweza kuacha kutengeneza damu na akafa. Damu, ini na figo zipimwe kwa ratiba, na mwanamke anayetaka kushika mimba aambiwe mapema kwamba dawa hii haifai kwa mimba, sio baadaye.

La uchovu naliruka, ingawa wagonjwa wanalilia kuliko hata maumivu. Ila la simu siliachi. Viungo vikiwaka kati ya miadi na miadi, na inayofuata iko miezi mitatu mbele, mgonjwa anampigia nani? Viongozi wa kliniki mliokaa hapa mbele, nataka hiyo namba iandikwe kwenye kadi ya kila mgonjwa, na iwe namba inayopokelewa.