Kukadiria kalori za siku: kosa huanzia kwenye kuzidisha

Ndugu zangu, kila mmoja ashike kalamu, hesabu hii tuifanye pamoja.

Tumchukue mwanamke wa miaka 35, kilo 78, urefu sentimita 162. Kanuni ni ya watafiti Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990. Uzito mara 10 ni 780. Urefu mara 6.25 ni 1,012.5. Jumlisheni. Toeni umri mara 5, yaani 175, kisha toeni 161. Kwa mwanamume hatutoi 161, tunaongeza 5. Tunapata kama 1,457. Hizo ndizo kalori anazotumia kwa siku hata akishinda kitandani, maana moyo, ubongo na ini havilali.

Sasa shughuli. Anayekaa kutwa huzidisha kwa 1.2, mwenye mazoezi mepesi 1.375, ya wastani 1.55. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mara 1.2 ni 1,748; mara 1.55 ni 2,258. Tofauti ni 510! Mtu afanyaye mazoezi siku tatu kwa wiki, saa zote nyingine yuko kitini, hujiandikia 1.55. Akipunguza 500 ili apungue uzito, anabaki na 1,758, kiasi kilekile kinachomtosha mtu wa kukaa. Uzito haushuki, naye anajilaumu kwamba hana nidhamu. Inaniuma kila nikiliona hilo, kwa sababu nidhamu anayo. Ukisitasita kati ya ngazi mbili, chukua ya chini.

Baada ya hapo, mizani ndiyo isahihishe karatasi. Pima kila asubuhi baada ya haja, kabla ya kula, utafute wastani wa siku saba. Uzito wa siku moja hupandishwa na maji na chumvi tu. Wiki ya kwanza usiihesabu, kinachotoka mwanzoni ni maji mengi. Andika kila kinachoingia mdomoni, na mafuta ya kupikia pia: kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120 hivi, na wengi humimina bila kupima.

Tuseme kwa siku 28 amekula wastani wa 1,750, akapungua kilo 0.8. Kilo moja ya mafuta mwilini ni takriban kalori 7,700. Kwa hiyo 0.8 mara 7,700 ni 6,160, gawanya kwa 28: 220 kwa siku. Jumlisha na 1,750: mahitaji yake halisi ni 1,970. Akitaka pengo la 400 kati ya anachokula na anachotumia, ale 1,570.

Akifika kilo 73, arudie hesabu, maana mwili uliopungua hutumia kidogo zaidi. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiitumie kanuni hii. Wao wamwone mtaalamu wa lishe.