Chama sio fulana: maneno kwa wanafunzi wapya wa masta na PhD

Haya, mmeshasalimiwa vya kutosha, acha mimi nianze. Kuna mtu hapo nyuma ameomba niongee Kizungu. Jamani, tangu 2022 baraza la mawaziri limepitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi Uganda, na humu ndani naona Wakongo, Wakenya, watu wa Sudan Kusini, sasa niongee lugha gani? Vumilia ndugu, utashika.

Chama chetu cha wanafunzi wa masta na PhD basi. Wengi mnakijua kwa fulana na ile nyama choma ya mwisho wa semesta. Hata mimi, mwaka wa kwanza nililipa ada nikachukua fulana nikaenda zangu, mpaka ilipokuja ile sura ya pili ya tasnifu yangu. Walioshaisikia hii hadithi wanisamehe, nitaisema mpaka nizeeke.

Nilimpelekea supavaiza, yaani mhadhiri anayesimamia utafiti wangu, sura ya pili, imechapwa vizuri, imebanwa. Wiki ya kwanza kimya, mwezi kimya. Nikawa kila Jumanne natoka Mukono, taksi mbili, nafika ofisini sekretari ananiambia daktari ametoka. Tukazoeana na yule mama hadi nikajua watoto wake wanasoma wapi, miezi minane hiyo! Siku moja nikakuta mlango wazi, nachungulia, naiona kazi yangu mezani, juu yake kuna chupa ya chai, na jalada lina duara la chai limeshakauka. Nilirudi nyumbani sikula.

Nikaja kumlilia dada mmoja wa kamati ya chama, nikidhani atanipa pole. Hakunipa pole, aliniuliza tu, supavaiza wako nani, na ulipeleka lini? Akaenda kuuliza wengine. Tukajikuta tuko 11 chini ya mtu huyohuyo, na kila mmoja alikuwa anajiona mjinga peke yake! Chama kikaandika barua moja, haina lawama hata moja, ni majina yetu na tarehe ambayo kila mtu alipeleka kazi, basi, ikaenda ofisi ya masomo ya juu. Ndani ya wiki tatu, sita kati yetu tulikuwa na maoni mkononi, na kazi yangu mimi ilikuwa imejaa wino mwekundu, nilifurahi kama nimeoa.

Najua mnachowaza, atanichukia anifelishe. Atawachukia wote 11? Na atachukia nini kwenye barua, tarehe? Mwingine atasema tuna Guild, ile serikali ya wanafunzi. Guild imejaa vijana wa digrii ya kwanza, nawapenda sana, lakini yule kijana anapigania chakula na vyumba vya bweni, wewe una kazi, una watoto wawili na mama mkwe anauliza hayo masomo yanaisha lini, atakuelewaje? Kijana huyo supavaiza wala hajui ni nani, yeye ana wahadhiri wa darasani.

Haya mengine haraka maana mwenyekiti ananionyesha saa. Ruhusa ya utafiti: kamati ya maadili kwanza, halafu UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, pale Ntinda, usianze kukusanya data kabla, utakuja kuitupa yote. Chama kina watu walioshapita huko, waombe wakuonyeshe fomu zao walizojaza, utaokoa wiki nyingi za kurudishwa kwa sababu ya karatasi ya ridhaa ambayo hukutafsiri kwa lugha ya watu unaowahoji. Jumamosi tunasomeana kazi, njoo hata kama huna kitu cha kuonyesha, hasa kama huna. Hosteli naruka. Pesa nayo naruka, hiyo inataka siku yake.

Kuna karatasi inapita hapo mbele, ina sehemu tatu, jina, simu na supavaiza. Hiyo ya tatu msiiache wazi, ndiyo tunayoitaka.